HAKI YA NJIA, NA HUKUMU YA GARI LILILOSIMAMA

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatandikia waja wake ardhi akawafanyia ndani yake njia za kupita. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, risala hii ndogo naiandika nikiwa Songea, mji wa bara katika mkoa wa Ruvuma, lakini naielekeza kwenu watu wa Pwani, kwa sababu mbili. Ya kwanza, sisi wa huku elimu ya dini twaliipokea kwenu, kwa mikono ya walimu na wafanya biashara waliopanda bara kutoka Kilwa na Lindi. Na mtu akipata faida, yampasa arejeze kidogo alikoitoa. Ya pili, jambo nitakalolisema liko kwenu kuliko lilivyo kwetu, kwani magari yenu ni mengi zaidi na njia zenu ni nyembamba zaidi. Jambo lenyewe ni gari lililosimama.

Najua yuko atakayecheka. Atasema: Huyu mwalimu amekosa la kuandika? Watu wanaacha sala, wanakula riba, wanakata udugu, naye anatuletea khabari za magari! Nami nalikuwa nikicheka vivyo hivyo, hatta Ijumaa moja nikaonyeshwa.

Ijumaa hiyo nalikuwa na zamu ya kuhutubu katika msikiti mmoja wa hapa mjini. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na jua kali limetoka. Watoto wa chuo walinichelewesha, nikatoka nyumbani muda umenibana. Nina gari dogo kuukuu, ambalo wanafunzi wangu wa zamani walichangiana wakaninunulia ili nisiteseke na safari za kusomesha vijijini. Nikafika, nikakuta kando ya barabara pamejaa. Nikauona mdomo wa kichochoro u wazi, nikaliingiza gari pale, nikafunga mlango, nikasema moyoni: Ni khutuba na rakaa mbili tu, nani atakayepita saa hizi? Nikaingia, nikapanda mimbari.

Tulipokwisha toa salamu nikatoka, nikakuta upande wa ndani wa kichochoro limesimama gari la mizigo lililo wazi nyuma. Juu yake lipo godoro, na juu ya godoro amelala mzee wa Kingoni, jirani wa msikiti wa miaka mingi, naye si Muislamu. Alikuwa ameteleza uani kwake akavunjika nyonga. Wanawe walimpakia wampeleke hospitali, wakafika mdomoni mwa kichochoro, wakakuta gari la khatibu. Kumshusha na kumbeba hawakuweza, kwani kila alipoguswa alipiga kelele. Kijana mmoja alikuja hatta mlangoni pa msikiti, akaona safu zimenyooka, akaona haya kuita, akarudi. Basi wakangoja. Muda wa dakika arubaini mzee yule alilala juani, akiisikia sauti yangu katika kipaza sauti ikiwaamrisha watu kumcha Mungu.

Nikakimbia kuliondoa gari, mikono ikitetemeka. Nilipopita kando yake hakunitukana. Alifumbua macho, akaniuliza kwa upole: “Mwalimu, mmekwisha sali? Na mimi mmeniombea?”

Sikuwa na jawabu. Na risala hii ni jawabu nililolitafuta tangu siku ile.

NJIA NI YA NANI?

Watu wengi hudhani kwamba njia haina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni halali ya atakayetangulia. Dhana hii ndiyo shina la ubaya wote. Njia inao wenyewe, nao ni wapitao wote: Muislamu na asiyekuwa Muislamu, mkubwa na mdogo, mwenye gari na mwenye miguu yake, na mwenye kusukuma mkokoteni. Kitu cha wenyewe wengi si kitu kisicho na mwenyewe. Bali ndicho kizito zaidi, kwani ukikidhulumu umewadhulumu wengi kwa mara moja.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), katika kitabu chake Minhaj ambacho sisi Mashafii wa nchi hizi twakisoma na kukisomesha, amebainisha kuwa manfaa ya barabara ya watu wote ni kupita. Kisha ndipo akaruhusu mtu kukaa humo kwa kupumzika au kwa biashara, kwa sharti asiwabanie wapitao. Itazameni tartibu hiyo. Kupita ndiyo asili, na kusimama ni mgeni aliyekaribishwa kwa sharti. Mgeni akianza kumfukuza mwenyeji, ugeni wake umekwisha.

Katika mlango wa sulhu, Imamu huyo huyo amekataza mtu kujenga kikao au kupanda mti katika njia ya watu, na kauli yenye nguvu ni kuwa ni haramu hatta kama leo hapana anayedhurika. Wenye kukisherehesha kitabu wametoa sababu: huenda kesho watu wakasongamana, na huenda siku zikipita pahala pale pakadhaniwa kuwa ni milki ya mtu. Basi na awaangalie wale wenye maduka waliopanga mawe, na ndoo, na matairi mabovu mbele ya milango yao, ili asisimame mwingine ila wao na wateja wao. Ukimwuliza atasema: Hapa ni pangu. Nani aliyemwuzia?

Na mbele yake Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), naye ni Shafii, katika Ihya ametaja maovu ya njiani yapasayo kukatazwa. Miongoni mwake ni kufunga wanyama barabarani hatta njia ikawa nyembamba, illa kwa kadiri ya haja ya kupanda na kushuka. Na sababu aliyoitoa ni kuwa manfaa ya njia ni ya ushirika, haimjuzii mtu kujihusisha nayo peke yake ila kwa kadiri ya haja. Ondoeni ngamia, wekeni gari, hukumu ni ile ile. Miaka zaidi ya mia tisa imepita, na Imamu amekwisha tuandikia mahala pa kuegesha.

Lakini lililonikata maini zaidi ni khabari aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Muadh bin Anas el-Juhani, r.a. Katika safari moja ya vita, watu walipopiga kambi walibaniana mahala pa kushukia na wakaziba njia. Mtume s.a.w. akamtuma mtu anadi kwamba mwenye kubana mahala pa watu au kukata njia, huyo hana jihadi. Fikirini! Watu wameacha nyumba zao, wameziweka roho zao mikononi kwa ajili ya dini, na jambo la kuziba njia likatosha kuwaharibia daraja yao. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mpiganaji, itakuwaje kwa khatibu aliyekuja na gari kuukuu?

Nanyi watu wa Pwani mwalijua jambo hili kabla ya magari. Neno lenyewe la kuegesha ni lenu, ni neno la vyombo: nahodha huegesha chombo gatini, au pwani palipo salama. Je, mmepata kumwona nahodha mwenye akili akatia nanga katika mlango wa bandari, akashuka kwenda kunywa kahawa? Majahazi mengine yangemlaani kwa lugha zote za bahari. Basi mdomo wa kichochoro ni mlango wa bandari ya wale wakaao ndani.

KOSA LITENDEKALO MWENYEWE HAYUPO

Sasa nataka tuingie ndani kidogo, kwani hapa pana jambo ambalo kosa hili lapambanukana na makosa mengine.

Mwenye kutukana hutukana akiwapo. Akifumba kinywa, tusi limekoma. Mwenye kupiga hupiga akiwapo. Akishusha mkono, kipigo kimekoma. Lakini mwenye kuacha gari njiani, kosa lake laanza pale anapoondoka. Yeye amekwenda zake, naye huenda yumo katika jambo jema kabisa: anasali, anazuru mgonjwa, anahudhuria maziko. Moyo wake umetulia, ulimi wake unamtaja Mungu, na nyuma yake chuma chake kinadhulumu kwa niaba yake. Hamwoni aliyezuiliwa, wala hasikii akilalamika. Ndiyo maana kosa hili halimtaabishi mtu: halina sauti wala uso.

Maulamaa wetu wamezungumza juu ya mtu asaliye katika ardhi aliyoipora. Madhehebu yetu ni kuwa sala yake yasihi, wala hatalazimika kuirudia, lakini ana dhambi kwa kukaa pale. Nami nasema, ikiwa sala yaweza kusihi na dhambi ikawapo mahala pamoja, basi hakuna ajabu sala kusihi ndani ya msikiti na dhambi ikawa nje imesimama juu ya magurudumu manne. Kusihi kwa sala si stakabadhi ya kila kitu tulichokiacha mlangoni.

Kisha liko jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Twajua masharti ya toba: kuliacha kosa, na kujuta, na kuazimia kutolirudia. Na likiwa kosa lahusu haki ya mja, huongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Mimi nalimwendea mzee yule hospitalini, nikaketi kando ya kitanda chake, nikamtaka radhi mbele ya wanawe. Akanisamehe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lakini niliporudi nyumbani usiku ule usingizi haukunijia. Nalijiuliza: Huyu nimemjua kwa kuwa nalimkuta. Na wale ambao sikuwakuta? Miaka mingapi nimesimamisha gari nikaenda zangu? Nani aliyekawia kazini akafukuzwa? Mama gani alishuka katika njia ya magari na mtoto mgongoni kwa kuwa njia ya miguu nimeiziba? Kipofu gani alijigonga? Walilalamika kwa Mungu, kisha wakaenda zao, wala sitawajua hatta Siku ya Kiyama.

Huenda mtu akauliza: Deni la mtu usiyemjua ni deni? Naam, ni deni, na ndilo baya kuliko yote. Mwenye kukudai unayemjua, waweza kumlipa, au kumwomba muhula, au kumbusu mkono. Asiyejulikana hulipwi naye radhi wala hulipi. Muslim amepokea khabari ya mufilisi, ambayo kila mtoto wa madrasa aijua: mtu atakuja siku hiyo na sala na saumu na zaka, naye amewadhulumu huyu na huyu, basi mema yake yatagawanywa kwa wenye haki mpaka yaishe, kisha atwikwe maovu yao. Zamani nikiisoma khabari hiyo nalikuwa nikiwafikiria wezi na wasengenyi. Siku hizi nafikiri safu ndefu ya watu nisiowajua, kila mmoja amesimama mbele ya gari langu, anangoja nitoke msikitini.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Mimi husimama kidogo tu, dakika mbili.

Jawabu: Kadiri ya haja imeruhusiwa, kama tulivyotaja kwa Imamu Ghazali. Lakini dakika hazina urefu mmoja kwa watu wote. Dakika mbili za mwenye kununua vocha si dakika mbili za mwenye uchungu wa uzazi. Kipimo ni cha yule anayepita, si cha wewe unayesimama.

Suali: Mji hauna mahala pa kuegesha, wakubwa hawakutenga.

Jawabu: Hilo ni kweli mahala pengi. Mji Mkongwe wa Unguja na Mji wa Kale wa Mombasa ilijengwa kwa miguu ya watu na punda, si kwa magari. Na Kariakoo ya Dar es Salaam sote twaijua. Wenye mamlaka wana wajibu wao na wataulizwa. Lakini kukosa kwako pahala hakukupi haki juu ya pahala pa mwenzako. Hatta mwenye njaa ya kufa, sharia imemruhusu kula chakula cha mtu asiye mhitaji, na thamani yake hulipa. Basi egesha mbali, utembee. Na ikiwa waenda msikitini, hatua zako zina thawabu. Mwenye kuegesha mbali amenunua hatua, na mwenye kuegesha mlangoni amezipoteza na kuchuma dhambi juu yake.

Suali: Nalichelewa, nalichelea kuikosa khutuba.

Jawabu: Mtume s.a.w. amekataza kuijia sala mbio, hatta ikiwa imekimiwa. Akaamrisha utulivu, tuipatayo tuisali, na iliyotupita tuitimize. Ikiwa kukimbia kwa miguu kumekatazwa, kutupa gari ovyo na kukimbia kumekatazwa zaidi. Wazee wamesema: Kawia ufike.

Suali: Mimi huwasha zile taa mbili zinazometameta, watu wajue kuwa nimesimama.

Jawabu: Taa hizo ni za kutahadharisha khatari, si fatwa. Mwizi haruhusiwi kuiba kwa kuwa amekuja na fanusi.

Suali: Askari wa barabarani amenikamata, nikatozwa faini. Je, nimesafika?

Jawabu: Umesafika kwa serikali. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na kila amri iliyowekwa kwa maslaha ya watu, kuitii ni wajibu. Lakini faini huingia katika hazina, haiingii mfukoni mwa yule uliyemzuia. Haki yake iko palepale.

Suali: Gari limeharibika, nifanyeje?

Jawabu: Mwenye udhuru hana lawama, lakini ana kazi. Na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa jambo hili huku kwetu laua watu.

MALORI, NA MATAWI, NA MAWE

Songea ni njia panda. Barabara ya Njombe yaingia hapa. Ya Mbinga na Mbamba Bay yatoka hapa. Na ya Namtumbo na Tunduru yashuka mpaka Masasi na Mtwara. Mavuno yakiwa tayari, malori ya mahindi hujipanga yakingoja kushusha. Na kwa miaka hii ya karibuni yameongezeka malori ya makaa ya mawe, yatokayo wilaya ya Mbinga yakienda bandari ya Mtwara, nayo hupita katikati ya mji usiku na mchana. Ni riziki za watu, Mungu azibariki. Lakini lori likiharibika njiani, desturi ya madereva ni kukata matawi ya miti na kuyatupa juu ya lami, mbele na nyuma, yawe alama. Na kutia mawe makubwa chini ya magurudumu. Kisha lori likitengenea, huondoka. Matawi hubaki. Mawe hubaki. Usiku huja mtu na pikipiki yake, amempakia mkewe, akaliparamia jiwe.

Ndugu zangu, mnakumbuka khabari iliyopokewa na Bukhari na Muslim ya yule mtu aliyelikuta tawi la miiba njiani akaliondoa, Mwenyezi Mungu akamshukuru akamghufiria? Yule alisamehewa kwa tawi ambalo hakuliweka yeye. Huyu wetu analiweka kwa mkono wake na kuliacha! Mtume s.a.w. amefundisha kuwa imani ina matawi mengi, la juu kabisa ni shahada, na la chini kabisa ni kuondoa chenye kuudhi njiani. Ambaye hakulifikia hatta lile la chini, atalifikiaje la juu?

Na katika Minhaj imeelezwa kuwa mwenye kutupa takataka au maganda ya tikiti njiani, akateleza mtu akadhurika, dhamana i juu yake yule aliyetupa, kwa kauli sahihi. Ikiwa ganda la tikiti lina dhamana, jiwe la lori limo zaidi. Dereva hawezi kusema: Nalikwisha fika Mtwara alipoanguka. Ganda nalo halikuulizwa mwenyewe yuko wapi.

Na mwenye kulala na lori lake katikati ya barabara, bila taa wala alama, na ajue kuwa Muslim amepokea ya kwamba Mtume s.a.w. aliwaamrisha wasafiri wakishuka kulala usiku wajitenge na njia, kwa kuwa njia ni mapito ya wanyama na makazi ya vidudu usiku. Sababu iliyotajwa ni madhara yanayomjia mwenye kulala. Basi itakuwaje hapa, ambapo madhara yanamjia yeye na mwenye kupita pia?

ADABU YA MWENYE KUPITA

Nimesema mengi juu ya kusimama. Juu ya kwenda nitasema machache, kwani asili yake ni moja.

Mtume s.a.w. ametufundisha kuwa aliyepanda ndiye amwanze kwa salamu aendaye kwa miguu, na aendaye amwanze aliyekaa. Maulamaa wameona hekima ndani yake: mwenye kupanda asiingiwe na kiburi. Kwa hiyo aliye juu ndiye wa kuanza wema. Lakini siku hizi tumepindua. Mwenye gari humngoja mwenye miguu akimbie, na mwenye lori humngoja mwenye gari, na mwenye pikipiki hamngoji mtu. Mvua ikinyesha, dereva hupita katika dimbwi kwa kasi, na mwanafunzi aliyevaa sare nyeupe hurudi nyumbani analia. Hakumgonga, lakini amemwudhi, na kuzuia udhia ni katika haki za njia alizozitaja Mtume s.a.w. kwa Sahaba waliokuwa wakikaa barazani njiani: kuinamisha macho, na kuzuia udhia, na kurudisha salamu, na kuamrisha mema na kukataza maovu.

Zamani katika miji yenu mchukuzi akipita na mzigo katika uchochoro alikuwa akiita: Simile! Simile! Na wazee husema asili ya neno hilo ni Bismillahi. Yaani mtu aliomba njia kwa jina la Mungu, na mwenzake akampa kwa jina hilo hilo. Leo tunayo honi. Honi haiombi, hufukuza. Na katika Sura ya Luqman twasoma jinsi mzee yule alivyomuusia mwanawe asitembee kwa maringo na ainamishe sauti yake, akamtajia na sauti ya punda. Mwenye kupiga honi mbele ya hospitali usiku, na airudie sura hiyo.

Na wakati Mtume s.a.w. alipokuwa akiondoka Arafa, akasikia nyuma watu wakiwachapa ngamia kwa makelele, aliwaashiria watulie, akawafahamisha kuwa wema haumo katika kukimbiza. Ule ndio msongamano mkubwa wa waja, na nasaha yake ilikuwa ni utulivu. Shirika la Afya la Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilitaja kuwa watu kama 1,190,000 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka. Kila mmoja alikuwa na nyumba aliyokuwa akitazamiwa.

NASAHA

Basi nawausia, nikianza na nafsi yangu:

Kwanza, kabla hujafunga mlango wa gari, geuka utazame nyuma, ujiulize: Nani atakayetaka kupita hapa mimi nisipokuwapo? Ukimwona mmoja kwa fikira, liondoe.

Pili, usizibe mdomo wa kichochoro, wala mlango wa mtu, wala njia ya miguu, wala njia ya hospitali, hatta kwa sala ya maiti.

Tatu, ukilazimika kusimama kwa kadiri ya haja, andika nambari ya simu yako uiweke kiooni, usiifanye bubu simu hiyo kabla ya kumweka mtu wa kukuangalizia.

Nne, dereva akiharibikiwa, alitoe gari kando kadiri awezavyo, aweke alama zimetazo, na asiondoke mpaka ameondoa tawi la mwisho na jiwe la mwisho.

Tano, maimamu na kamati za misikiti, kabla ya kusawazisha safu za watu, tusawazishe safu za magari. Awekwe kijana nje siku ya Ijumaa, na imamu aulize kabla ya kukimiwa: Yuko aliyemzibia mtu njia? Aende aondoe, tutamngoja. Kumngoja huyo ni bora kuliko kungojwa na mgonjwa.

Sita, mwenye deni kwa wasiojulikana, kama nilivyo mimi, azidishe istighfari, na awaombee dua wote aliowaudhi bila kuwajua, na atoe sadaka kwa niaba yao, na kila akikuta jiwe njiani aliondoe, huenda Mwenyezi Mungu akawaridhisha kwa fadhila zake.

Mzee yule alipona, Alhamdulillahi. Sasa hutembea kwa fimbo. Ijumaa huketi mdomoni mwa kichochoro kwao, juu ya kigoda, akiota jua. Mimi siku hizo huenda msikitini kwa miguu. Nikipita humwanza kwa salamu, naye hunitazama viatu vyangu vilivyojaa vumbi, akacheka, akaniambia: “Pita, Mwalimu, njia ni nyeupe.” Nami naingia msikitini, na kwanza namwombea yeye.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wale waondoao udhia, wala asitujaalie kuwa udhia wenyewe. Na atupitishe salama katika njia ile nyembamba ya Sirati, siku ambayo kila mtu atataka kupita. Amin.

Wabillahi taufiki.